Hodi ya Warda

Maji yakipwa, Twaiba hachelewi. Hufunga leso kiunoni, hutia kamba zake begani, na kushuka pwani na wanawake wenzake kufunga mwani kwenye kamba hizo. Mwani hauna subira. Maji yakirudi kabla hujamaliza, kazi ya siku imekupita.

Mumewe, Chirau, huwa ameshatoka zamani. Yeye ni mkwezi. Huangua nazi na madafu katika mashamba ya watu, kutoka kijijini kwetu hadi Ramisi. Nyumbani hubaki mama yake Chirau, Bibi Biasha, na mjukuu wake, Warda.

Mimi ni jirani yao. Ua wetu ni mmoja na kisima chetu ni kimoja. Jioni nafundisha ngumbaru, yaani nawafundisha watu wazima kusoma, na ndiyo maana kijiji kizima huniita Mwalimu, hata wale wasiokuja darasani. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Mengine niliyakosea mimi mwenyewe, kama mtakavyosoma.

Bibi Biasha husuka ukili wa mikeka. Vidole vyake hukimbia huku macho yake yakitazama kwingine. Ni hodari mno! Lakini sifa yake kubwa haikuwa mikeka. Ilikuwa sauti. Enzi zake, harusi ya upande wetu haikuitwa harusi kama Biasha hakuimba. Alitoa mstari mmoja tu, na wanawake mia wakaitikia. Hata mimi niliolewa kwa sauti yake. Mume wangu husema alikuja kunioa mimi, lakini masikio aliyaacha kwa Biasha.

Kisha Bibi Biasha akanyamaza. Kwa miaka mitano hakuimba hata mstari mmoja.

Sababu tuliijua sote. Mjukuu wake wa kwanza aliitwa Alamin. Alipotimiza mwaka mmoja, Bibi alimbeba harusini, akamwimba kwa jina mbele za watu. Mtoto alikuwa amenona, anang'aa. Watu wakamsifu, wakampokezana mikononi. Wiki tatu baadaye alishikwa na homa. Walimfukiza, wakamwogesha kwa majani, wakangoja. Siku ya nne walimpeleka hospitali, lakini walikuwa wamechelewa. Daktari alisema ni malaria. Bibi Biasha hakulisikia neno hilo.

"Ni jicho," alisema. "Nami ndimi niliyemtoa mbele ya macho ya watu."

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Warda alipozaliwa, Bibi Biasha aliweka sheria zake. Mtoto asitolewe nje mchana. Asisifiwe. Wageni wasimsemeshe. Akitoa sauti, asichekewe wala asijibiwe, majirani wasije wakajua kwamba nyuma ya pazia mna mtoto mzuri. Twaiba hakubisha. Naye alikuwa mama aliyezika mtoto, na hofu ya Bibi ilikuwa hofu yake pia.

Basi Warda alikulia nyuma ya pazia. Alikula vizuri, aliogeshwa, alipakwa mafuta. Bibi alikaa naye kutwa nzima, akisuka kimya. Mapenzi hayakupungua hata chembe. Yaliyokosekana ni maneno.

Sisi majirani tulisemaje? Tulisema, "Mtoto mpole huyu!" Hata mimi nilisema, mimi Mwalimu mzima! Nilisema ningepata mmoja kama huyu ningelala usingizi. Naye Chirau alikuwa akicheka, "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ngojeni tu, huyu atakuwa wakili."

Warda alifika mwaka mmoja na miezi minne. Siku moja, Twaiba alirudi kutoka pwani mapema, kamba zake hazijamalizika. Alikuja moja kwa moja kwangu, miguu ina mchanga.

"Mwalimu," alisema, "leo Mwinga alikuja pwani na mwanawe Sefu. Sefu na Warda wamezaliwa mwezi mmoja."

"Nakumbuka. Kwani kuna nini?"

"Sefu ameona ndege, akamwonyesha mama yake kwa kidole. Akasema, 'Mama, dege!' Kisha akaniangalia mimi, akacheka." Twaiba alishusha kamba begani. "Warda wangu hajawahi kunionyesha kitu kwa kidole. Nikimwita hageuki. Hata 'mama' hasemi. Mwalimu, mwanangu ni bubu?"

 Nilitaka kumwambia asijali, kila mtoto ana siku yake. Maneno hayo ni rahisi kusema, na ndiyo maana tunayasema sana. Lakini uso wa Twaiba ulinizuia.

"Mimi sijui," nilimwambia. "Tumwite anayejua."

Anayejua ni Kache, mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Kache amezaliwa Kinango akaolewa huku. Jumapili huenda kanisani, na Ijumaa hapigi hodi nyumba ya mtu wakati wa swala. Hana makuu. Alikuja asubuhi ya pili, siku ambayo Chirau hakukwea.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," alijibu Bibi Biasha, bila kuacha ukili wake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hujambo? Kaa kitako."

Kache alikaa mkekani. Alifungua kitabu cha kliniki cha Warda, akaangalia uzito na chanjo. "Amelishwa vizuri," alisema. "Chanjo zote anazo. Hongereni." Kisha akachukua kifuniko cha sufuria, akakigonga kwa kijiko nyuma ya mtoto. Warda alishtuka, akageuka. Kache akamwita kwa sauti ya upole, "Warda! Warda!" Mtoto hakuangalia. Alikuwa akitazama pazia.

"Mlio anausikia," alisema Kache. "Lakini mimi si mtaalamu wa masikio. Mpelekeni hospitali Msambweni wamwangalie. Wako watoto wasiosikia sawasawa, na wengine wana sababu nyingine za kuchelewa. Wakijulikana mapema husaidika. Tusikae tukikisia. Na niambieni, mchana anasema na nani?"

Tulitazamana. Chirau akacheka kidogo. "Atasema na nani, naye hajui kusema?"

"Na nyinyi mnasema naye?"

"Tumwambie nini, dada yangu? Haelewi."

"Baba Warda," alisema Kache, "njia ya kwenda pwani aliichimba nani?"

"Hakuna aliyeichimba. Imefunguka kwa miguu yetu."

"Na ile ya zamani, iliyopita shambani kwa mzee Shutu?"

"Ile imeota majani. Hapiti mtu."

"Na ubongo wa mtoto ni vivyo hivyo. Anazaliwa nao, lakini njia zake bado hazijafunguka. Ukimsemesha akakuangalia, mmepita mara moja. Akitoa sauti nawe ukamjibu, mmepita tena. Siku baada ya siku, njia inafunguka. Njia ya kusema, njia ya kufikiri, hata njia ya kutulia moyo akiogopa. Na miaka mitatu ya kwanza ndiyo ubongo unapojengeka kwa kasi kabisa. Wakati huo mtoto anahitaji chakula, usingizi, kinga ya maradhi, na mtu wa kumjibu. Hicho cha mwisho tunakisahau, kwa sababu hakipimwi kwenye mizani."

Chirau alikuna kichwa. "Basi nitamwekea katuni kwenye simu. Zile zinasema kutwa."

"Simu inasema, lakini haisikii. Warda akisema 'aa', simu itamjibu nini?"

 Bibi Biasha alikuwa ameacha kusuka.

"Umekuja kuniambia mjukuu wangu ana kasoro," alisema. "Upole umekuwa ugonjwa siku hizi? Jicho limeingia hadi ndani ya nyumba yangu, na kitabu mkononi." Alimchukua Warda, akaingia nyuma ya pazia.

Twaiba aliinamisha kichwa kwa aibu. Kache hakukasirika. Alifunga kitabu chake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ndani, "Nakuelewa, Bibi. Nitakuja tena, ukinipa ruhusa."



Juma lile, Twaiba na Chirau walimpeleka Warda Msambweni. Walirudi na habari njema. Masikio yalikuwa mazima. Muuguzi aliwaambia wamsemeshe, wacheze naye, wamrudishe baada ya miezi mitatu aangaliwe tena. Twaiba alifurahi, kisha akaanza kulia. Kama masikio ni mazima, basi mwanawe alikuwa akisikia kimya chao siku zote hizo.

Kache alirudi Jumatano. Twaiba alikuwa pwani, Chirau yuko juu ya minazi. Mimi nilikuwa uani nikikuna nazi, na sikuondoka. Mtu asinilaumu. Kisima ni kimoja, na masikio ni yangu.

Safari hii Kache hakufungua kitabu. Alikaa karibu na Bibi Biasha, akaanza kumpangia majani ya ukili.

"Bibi, naambiwa ulikuwa mwimbaji."

"Nilikuwa."

"Nifundishe jambo moja. Ukisimama harusini ukatoa mstari, na wanawake wote wakanyamaza, ungefanya nini?"

Bibi Biasha alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Ningetoa tena."

"Na wakinyamaza tena?"

"Ningetoa mara ya tatu. Halafu ningejitanda leso yangu niende zangu. Mwimbaji haimbii ukuta. Wimbo ni kupokezana, mwanangu. Pasipo kiitikio, hapana wimbo."

"Na Warda, alipokuwa mdogo, hakuwa akitoa sauti?"

Vidole vya Bibi vilisimama.  Kuku walipita mkekani wala hakuwafukuza.

"Alikuwa akitoa," alisema. "Alipokuwa na miezi mitatu, minne. Alikuwa akiniangalia, akisema 'aguu, aguu'. Mimi nikigeuza uso. Nikisema moyoni, nyamaza mjukuu wangu, usije ukasikika. Naye akanyamaza." Aliinua macho, na machozi yalikuwa yakimshuka. "Kumbe mtoto amepiga hodi mwaka mzima, na mimi nimo ndani nimenyamaza!"

Kifuu cha nazi kilinitoka mkononi. Mimi ni mtu mzima, lakini nililia pale pale juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Bibi," alisema Kache, "ulinyamaza kwa kumpenda."

"Nilimwimba Alamin, akafa."

"Alamin aliuawa na malaria. Siku hizo hakukuwa na mhudumu hapa wa kumpima homa siku ya kwanza. Leo nipo, na kipimo ninacho mfukoni. Wimbo wako haukumwua mtoto." Kache alimsogezea jani jingine. "Mimi si wa dini yenu. Lakini kila mtu hapa akiona kizuri, nasikia anasema mashallah. Mnalisema ili kizuri kisidhurike. Si ndivyo? Basi, neno hilo halitoshi kumlinda Warda?"

 Bibi Biasha alipangusa uso kwa pembe ya leso, akaendelea kusuka. Siku ile hakuimba.

Kesho yake alfajiri, baada ya swala, nilikuwa nikiteka maji. Nikasikia sauti. Ilikuwa nzito, ina kutu kama kufuli la zamani. Ilikuwa ikiimba ule wimbo wa kumpeleka bwana harusi mlangoni.

"Hodi, hodi, tumefika!"

Kisha kimya. Kisha ile sauti ikajiitikia yenyewe, taratibu:

"Karibuni ee, karibu!"

Ndoo ilinielemea nikaiweka chini. Miaka mitano! Nikajisemea, mashallah, Biasha amerudi.

Sasa nataka msomaji anielewe vizuri. Kuimba mara moja si kazi. Kazi ni kuimba kila siku kwa mtoto asiyekujibu. Bibi Biasha alilivuta pazia lile akalitoa kabisa, akalifanya kitambaa cha kufunikia maji. Akamleta Warda uani, kwenye mwanga. Alimweka mbele yake, uso kwa uso. "Wawe anasuka ukili," alimwambia. Wawe ndilo jina Wadigo tunalomwita bibi. "Huu mrefu. Huu mfupi. Shika." Kisha alinyamaza na kumngoja, kama Kache alivyomwonyesha aliporudi. Mtoto akishika jani, Bibi alisema, "Ee! Umeshika jani!" Mtoto akitazama kuku, Bibi aliwataja kuku. Na kila alfajiri na kila jioni alipiga hodi yake, akangoja, akajiitikia.

Chirau naye alijifunza. Akifua nazi, alimweka Warda kando na kumhesabia. "Moja. Mbili. Hii ya tatu imekataa, baba ataipiga tena!" Wakwezi wenzake walimcheka. "Chirau amegeuka yaya!" Aliwajibu, "Nyinyi mnasema na minazi, na haijawahi kuwajibu." Twaiba akirudi kutoka pwani, alimwogesha mwanawe akimtajia viungo kimoja kimoja, pua, sikio, kitovu. Hakuna aliyenunua kitu. Vifaa vya mchezo vilikuwa vifuu, vijiti na kifuniko cha sufuria.

Wiki mbili zikapita. Hakuna. Wiki ya tatu ikapita. Nilianza kuogopa kwa niaba yao. Bibi Biasha hakuchoka. Nilimwuliza, "Bibi, na asipoitikia?"

"Yeye alingoja mwaka mzima," alinijibu. "Mimi nitashindwa na mwezi mmoja?"

Nimesoma vitabu vingi, lakini sijakutana na mtu niliyemheshimu kuliko mwanamke yule siku ile. Kukosea ni rahisi, na sote tulikosea. Kukiri kosa kwa umri ule, kisha kukaa mkekani kulirekebisha siku baada ya siku, hilo si la kila mtu.

Wiki ya tano, Bibi alipiga hodi yake ya jioni. Akangoja. Warda alimtazama mdomo. Akachukua kijiko, akagonga kifuniko mara moja. Nga!

Bibi alishika kifua. "Umesikia, Mwalimu? Ameitikia!"

"Nimesikia, Bibi."

"Hodi, hodi, tumefika!"

Nga!

Tangu siku hiyo mambo yalisogea. Kwanza alianza kugeuka akiitwa. Kisha akaanza kuonyesha kwa kidole, na alichoonyesha kwanza ni kuku wangu. Halafu zikaja sauti, "aa", "ba", "ka". Siku moja Twaiba alipotokea njia ya pwani, Warda alisimama akainua mikono na kusema, "Mama!" Twaiba aliangusha kamba zote. Baada ya miezi mitatu alirudishwa Msambweni, na muuguzi akasema, "Anaendelea vizuri. Msiache." Alipokaribia miaka miwili, alikuwa na maneno thelathini. Niliyaandika mwenyewe kwenye daftari la ngumbaru, na Twaiba akajifunza kuyasoma. Wanafunzi wangu hawajapata kusoma kwa bidii kama hiyo.

Kisha ikaja harusi ya binti mkubwa wa Mwinga, mama yake Sefu.

Wanawake walimwomba Bibi Biasha aimbe. Alikubali. Lakini mchana wa siku hiyo nilimkuta ameketi kitandani, leso mpya mapajani, hajavaa.

"Warda anataka tuende naye," alisema. "Mwalimu, nilimbeba Alamin hivi hivi. Macho yale yale. Ua ule ule."

"Mwache nyumbani basi. Nitakaa naye mimi."

Alifikiri. "Nikimwacha, nimelirudisha pazia." Akasimama, akavaa. Akamfunga Warda leso. Akasema, "Bismillahi," akatoka.

Ua ulijaa. Bibi Biasha alisimama mbele ya mlango wa bibi harusi, mjukuu wake ubavuni. Watu wote wakamtazama mtoto. Nilimwona Bibi akifumba macho. Nilijua anamwona nani. Wanawake wakaanza kutazamana. Kisha akavuta pumzi, akatoa sauti yake, ile ile ya zamani.

"Hodi, hodi, tumefika!"

Kabla wanawake hawajafungua midomo, sauti ndogo ilipaa peke yake, kali, haina hofu ya mtu.

"Kaibuni ee, kaibu!"

 Wanawake wote kwa pamoja wakasema, "Mashallah! Mashallah!" Vigelegele vikafuata. Twaiba alikuwa akilia na kucheka. Nyuma kule kwa wanaume, Chirau alikuwa akiwaambia wenzake, "Si niliwaambia atakuwa wakili?" Na Kache alikuwa kando ya sufuria ya pilau, anapiga makofi kuliko wenye harusi.

Bibi Biasha alijaribu kutoa mstari wa pili. Haukutoka. Alikuwa akilia. Wanawake walingoja. Ndipo Warda alipoishika leso ya bibi yake, akaivuta mara mbili, akainua uso.

"Wawe," alisema. "Tena."

Bibi Biasha akaimba tena.